Keria ya baiskeli ya kujitengenezea kwenye trela: ukisikia hivi, tazama pale

Keria iliyoegeshwa uani haina kasoro. Hata ile iliyochomelewa ovyo itabeba baiskeli nne pamoja na watoto wanaoipanda, mradi trela imesimama. Matatizo huanza njiani: matuta yasiyopakwa rangi, mteremko wa Mai Mahiu, na murramu yenye mikunjo inayokutetemesha hadi meno. Mwongozo huu ni wa mtu ambaye keria yake tayari ipo, ameitengeneza mwenyewe au fundi wa Kamukunji au Kariobangi jijini Nairobi amemtengenezea, ameifunga kwenye trela ya kulala ili afike Naivasha na baiskeli za kuzungukia mbuga ya Hell's Gate, na sasa kuna kitu kinalia, kinalegea au kinainama.

Kabla ya kushika spana, jambo moja. Karibu kila anayeona keria yake ikicheza hukimbilia kuongeza chuma. Fundi naye hakatai, chuma ndiyo kazi yake: "Hapa mkubwa tukitia kipande kingine, hii haiendi mahali." Ukishtuka keria imekuwa nzito kuliko baiskeli inazobeba, na bado inacheza. Mara nyingi ugonjwa hauko kwenye keria. Uko mahali iliposhikizwa, au upande wa trela ilikowekwa. Kwa hiyo anza ukaguzi kwenye ekseli na chasi, kisha uje nje polepole mpaka kwenye baiskeli.

Inagonga kila ukipita tuta

Zuia magurudumu, toa baiskeli. Mtu mmoja ashike ncha ya keria aipandishe na kuishusha, nawe uweke kidole kwenye kila kiungo, nusu ya kidole juu ya chuma kimoja na nusu juu ya kingine. Macho hayaoni nusu milimita, kidole kinaihisi mara moja. Pita kiungo baada ya kiungo. Usikubali kusema "ni hapa" kabla hujamaliza vyote.

Mshukiwa wa kwanza ni soketi, yaani bomba la nje linaloingiziwa bomba la keria. Mabomba ya mraba yanayouzwa hadweani hayakutengenezwa ili yaingiane. Bomba la milimita 60 kwa 60 lenye unene wa milimita 4 lina nafasi ya milimita 52 ndani. Ukilisukumia bomba la 50, zimebaki milimita 2 za kucheza. Kama bomba la ndani limeingia sentimita 20 tu, hizo milimita 2 zinakaribia sentimita nzima kwenye ncha ya keria iliyo sentimita 80 nje. Soketi ya Kimarekani ya inchi 2 inakaribiana zaidi na bomba la 50, lakini nayo huacha mwanya.

Kuna na mshono wa kiwandani, ule mstari ulioinuka ndani ya bomba la nje. Fundi asiye na subira hulisaga bomba la ndani lipite, na kwa kufanya hivyo anaongeza mwanya kwenye ukuta mzima kwa sababu ya mstari mmoja. Kinachostahili kusagwa kwa tupa ni mshono wenyewe, au chonga mfereji mwembamba kwenye bomba la ndani pale tu mshono unapopita.

Dawa yake si kuchomelea vyote viwe kitu kimoja. Utajuta siku ya kuivua. Toboa soketi matundu mawili, moja karibu na mdomo na jingine karibu na mwisho wa bomba la ndani, uchomelee nati ya M12 (ya bolti nene milimita 12) juu ya kila tundu. Bolti zinazopita humo zitalisukuma bomba la ndani lilalie ukuta wa pili. Ukiweka moja chini na nyingine ubavuni, mchezo wa juu na wa kando unapungua pamoja. Kila bolti iwe na nati ya pili ya kuifunga isirudi nyuma. Kipini cha milimita 16 kinabaki mahali pake: kazi yake ni kuizuia keria isichomoke, haizuii kugonga, ingawa watu wengi hubadilisha kipini wakitumaini kimya kitapatikana.

Soketi ikiwa shwari, angalia bolti. Bolti inayolegea kila safari kwa kawaida inakuambia moja kati ya mambo mawili. Ama umefunga juu ya rangi nene, rangi imesagika na kuacha nafasi, au umepitisha bolti kwenye bomba tupu na kila ukikaza kuta zinabonyea ndani. Ya pili huwachosha watu sana, kwani kadiri unavyokaza ndivyo bomba linavyozidi kubonyea. Toa bolti, ingiza ndani ya bomba kipande cha bomba la mviringo chenye urefu ulio sawa kabisa na upana wa nafasi ya ndani, kisha pitisha bolti katikati yake. Sasa unakaza chuma juu ya chuma. Tumia bolti zenye alama ya nguvu ya 8.8 kichwani; M12 ya aina hiyo hukazwa kwa takribani Nm 80 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza au kupinda). Zile zisizo na alama yoyote, zinazopimwa kwa kilo, zifungie lango.

Keria imelala chali

Hapa baiskeli zinaonekana kuiegemea barabara iliyo nyuma, na kila safari zinaiegemea zaidi. Watu hukaza keria. Lakini ukitazama kwa makini, keria haijasogea hata kidogo kwenye bampa. Bampa yenyewe ndiyo imejipinda.

Trela nyingi za Kimarekani zina bampa ya mraba ya inchi 4, ndani tupu, ambamo watu huhifadhi bomba la maji taka. Kwa macho ni kitu cha kutundikia ng'ombe. Ukuta wake ni mwembamba, mara nyingi chini ya milimita 2, na imeshikwa kwa mishono mifupi ya kuchomelea kwenye ncha mbili za chasi. Trela zinazotengenezwa hapa nyumbani nyingine hufuata mtindo uleule kwa bomba la geji 16, yaani ukuta wa milimita moja na nusu hivi. Bampa hiyo iliwekwa izuie trela isikwaruzwe kwenye maegesho. Kubeba mzigo haikuwa kwenye mkataba wake.

Fanya hesabu. Keria ya kilo 17 na baiskeli mbili za kilo 14 ni kilo 45. Kitovu cha uzito huo kikiwa nusu mita nyuma ya bampa, bampa inapindwa kwa takribani Nm 220, na trela haijaondoka nyumbani. Kwenye tuta zidisha mara mbili au tatu. Ndiyo sababu rangi huanza kupasuka sehemu ya juu ya mshono wa bampa na chasi, kisha kutu nyekundu inatoka, na siku moja bampa, keria na baiskeli vinabaki barabarani mbele ya lori.

Kuongeza mshono juu ya bampa kunakununulia muda mfupi tu, kwa kuwa ukuta wenyewe utachanika pembeni ya mshono mpya. Njia ya haki ni kuiruka bampa. Lala chini ya trela na tochi, tafuta mihimili miwili mirefu ya chasi, na upitishe mikono miwili ya bomba la milimita 50 lenye ukuta wa 3 ikilala chini ya mihimili hiyo. Kila mkono uende mbele angalau sentimita 60 ukishikwa sehemu mbili zilizoachana. Keria ikisukuma chini kwa nyuma, sehemu ya mbele ya mkono inasukuma juu; kadiri sehemu hizo mbili zilivyoachana ndivyo bolti zinavyopumzika. Bampa iachwe ijikalie.

Onyo la wenye karavani za Ulaya: chasi za mabati za AL-KO ni nyembamba na zimepigwa hesabu kali, na mtengenezaji anakataza kuzichomelea au kuzitoboa matundu mapya. Hapo tumia vibano vya bamba na bolti vinavyoukumbatia mhimili, au matundu yaliyokuja nayo. Na popote unapochomelea chuma chenye zinki, saga zinki yote kwanza na ufanyie kazi mahali penye hewa. Moshi wake mweupe huleta homa na kutetemeka usiku huohuo.

Mstari mwembamba kwenye rangi

Ufa wa keria hauanzi katikati ya bomba. Unaanza pembeni mwa mshono, hasa pale nguzo iliyosimama inapokutana na bomba lililolala, kwa upande unaovutwa. Unaonekana kwanza kama unywele, kisha michirizi ya kutu ikishuka kutoka humo.

Kama huna hakika ni ufa au ni rangi tu imekwaruzika, kuna kipimo cha bei ya maandazi mawili. Sugua mahali hapo kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae. Paka mafuta taa, subiri robo saa, kisha futa vizuri kwa kitambaa kikavu. Saga chaki ya shule iwe unga na uupake juu. Kama ni mkwaruzo, chaki itabaki nyeupe. Kama ni ufa, mafuta taa yaliyojificha ndani yatapanda na kuchora mstari wa kijivu kwenye chaki, nawe utaona hadi ulipoishia, kwa kawaida mbali kuliko ulivyodhani.

Kumwagia mshono mpya juu ya ufa ni kuufunika blanketi. Toboa tundu la milimita 3 au 4 kwenye kila ncha ya ufa ili usiendelee kukimbia, saga ufa wote uwe mfereji wenye umbo la V, ujaze kwa kuchomelea, kisha jiulize kwa nini ulipasuka. Mara nyingi kona ilikuwa kavu, bila kibao cha chuma cha pembetatu cha kuigawia nguvu. Weka kibao, lakini kisiishie ghafla: ncha zake zichongwe ziteleze taratibu, na usipitishe mshono wa kukata bomba kwa upana kwenye uso unaovutwa. Nimeona keria ambazo kila kibao kilichoongezwa kiliuhamisha ufa kwa sentimita tano tu.

Sababu nyingine ni mshono usioingia. Ukiona chuma kimekaa juu kama chingamu, kikiwa kimevimba na kingo zake hazijashikana na bomba, basi moto ulikuwa mdogo au fimbo za kuchomelea zilikuwa na unyevu. Kwa upande mwingine, ukuta wa geji 16 hutoboka kwa moto kidogo tu, na fundi hujaza shimo kwa madoido ya juu. Gonga slagi yote, lile ganda linalofunika mshono, itoke kabla ya kulipa. Mshono usioonyeshwa ni mshono usioaminika, na rangi ya haraka haraka ni ishara ya kuomba grinda.

Trela inatikisa mkia

Dalili hii ndiyo inayoua, na ndiyo inayohusishwa na keria mara chache zaidi. Lori linakupita kwenye barabara ya Nakuru, upepo wake unaisukuma trela kando. Trela iliyopakiwa vizuri inarudi mstarini yenyewe. Iliyo nyepesi mbele inaanza kuyumba, kila myumbo mkubwa kuliko uliotangulia, mpaka gari lenyewe linaburutwa nyuma.

Dereva husema, "Kilo 45 tu, na trela ni tani nzima!" Shida ni mahali zilipo. Tuseme trela yako ina kilo 1,000, na kilo 70 kati ya hizo zinakaa kwenye kichwa cha tobaa, kile chuma cha kuvutia trela nyuma ya gari. Kutoka ekseli hadi kwenye tobaa ni mita 4, na keria iko mita 2.6 nyuma ya ekseli. Ekseli ni egemeo la bembea: ukibonyeza nyuma, mbele kunainuka. Zidisha 45 kwa 2.6, gawanya kwa 4, unapata kilo 29. Zile 70 zimebaki 41, yaani asilimia 4 hivi ya uzito wa trela. Wenye karavani wa Uingereza hulenga asilimia 5 hadi 7. Wamarekani, wenye trela nzito, huenda 10 hadi 15.

Pima, usikisie. Egesha mahali tambarare, zuia magurudumu, kata gogo lenye urefu wa kuifanya trela ikae mlalo kama inavyovutwa, liweke juu ya mizani ya kupimia watu, halafu shusha shingo ya trela juu yake taratibu kwa gurudumu dogo la mbele. Pima ukiwa na baiskeli na bila baiskeli. Tanki la maji liwe katika hali utakayosafiri nayo. Lita 60 za maji zilizo mbali nyuma ya ekseli zinaweza kuharibu hesabu yote kuliko baiskeli.

Sasa mtego. Mtu anaona mbele kumekuwa kwepesi, anatia mfuko wa saruji au jenereta kwenye sanduku la mbele, mizani inasoma vizuri, anafurahi. Kwa mizani yuko sawa. Kwa barabara ameweka uzito kwenye ncha zote mbili, na trela yenye uzito kwenye ncha ikishaanza kuyumba haitulii haraka. Vizito vinatakiwa karibu na ekseli. Kwa hiyo kabla ya kuongeza kitu mbele, ondoa nyuma: hamisha mtungi wa maji, kreti za soda na tairi la akiba. Ikishindikana, baiskeli zipande juu ya paa la gari, keria ya nyuma ibaki nyumbani. Najua umeshailipia.

Ikiyumba barabarani, achia mafuta taratibu na ushike usukani uelekee mbele. Usifukuzane na myumbo kwa usukani, wala usikanyage breki za gari kwa nguvu. Kama trela ina breki za umeme zenye kidhibiti cha mkononi, zitumie hizo peke yake. Na usiongeze mwendo kuteremka ukitumaini itanyooka.

Umehamishia mbele, sasa inagonga gari

Keria juu ya shingo ya trela ina raha yake: mtikisiko ni mdogo kuliko mkiani, na chuma cha pale ni imara. Lakini rudia hesabu. Kilo 45 zilezile zikikaa mita 3 mbele ya ekseli zinaongeza kilo 34 kwenye tobaa, na zile 70 zinakuwa 104. Kibati cha tobaa yako huenda kinasema mwisho ni 75 au 100. Kisome.

Kisha nenda kwenye uwanja mtupu, ukate kona hadi mwisho kwa kila upande, mtu akiwa amesimama pembeni. Usukani wa baiskeli ya milimani unafika sentimita 75 au zaidi kwa upana, nao ndio hukutana na taa za nyuma za gari. Jaribu pia kwenye mkingamo, kwa mfano mtaro wa kuingilia kituo cha petroli: gari likipanda huku trela bado iko chini, mwanya wa juu unapungua ghafla. Mlango wa buti nao ufunguke, na breki ya mkono ya trela ifikike bila kushusha baiskeli.

Mkia unakwaruza chini

Vuta uzi kutoka tairi linapogusa ardhi hadi sehemu ya chini kabisa ya keria. Pembe ya uzi huo ndiyo mwinuko mkali kuliko wote unaoweza kuuacha nyuma bila kukwaruza. Kama ni mdogo, pandisha mikono au weka bawaba keria ikunjwe ikiwa tupu. Kufunga gurudumu dogo la kuteleza chini ya keria ni ubunifu wa kupendeza, ila kila likigusa linaisukuma chasi kwenda juu, na unarudi kwenye nyufa.

Baiskeli zinasuguana

Zipange zikipishana kichwa na mkia, ziachane sentimita 25 au 30, pedali zigeuzwe. Beba kwa magurudumu, si kwa bomba la juu la fremu. Fremu ya kaboni ikibanwa hapo hupasuka bila kelele. Vipande vya tyubu kuukuu vinafaa kuviringishwa palipo na mguso, lakini visiwe ndiyo kamba ya kushikilia, kwani hunyooka kwa jua. Tumia mishipi yenye ratcheti, na mwingine wa pili unaoanzia kwenye fremu hadi kwenye chasi ili keria ikikatika baiskeli zisiachane na trela.

Taa zinapepesa au nambari haionekani

Baiskeli zikificha taa au nambari ya trela, ile inayoanza na Z, polisi atakuwa na haki ya kukusimamisha, na dereva wa nyuma hataona ukifunga breki. Weka ubao wa taa na nambari nje ya baiskeli. Taa zikianza kuwaka kwa kupokezana, indiketa ikiwashwa na taa ya breki inapepesa, karibu kila mara ni waya wa ardhi. Kwenye plagi ya pini 7 ya mtindo wa Ulaya hiyo ni pini ya 3, waya mweupe. Kosa la kawaida ni kuutegemea mwili wa keria upeleke ardhi: umeupaka rangi kila mahali, umeme utapita wapi? Vuta waya wake peke yake hadi kwenye plagi.

Kutu kutoka ndani

Bomba likizibwa ncha zote lakini likawa na tundu dogo la bolti, maji huingia na hayatoki. Gonga kwa nyundo ndogo. Sauti ikizibika mahali fulani, ndani pameshaliwa. Toboa tundu la milimita 6 sehemu ya chini kabisa ya kila bomba, paka rangi ya kuzuia kutu hadi kwenye mdomo wa tundu hilo, na uliangalie kila baada ya safari ya murramu, maana tope hulipenda.